Miaka Tisa ya Fundi Marumaru

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Nimekupigia simu mara kumi na moja hukupokea. Ya kumi na mbili ilipokewa na katibu wako. Kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi akanieleza kwamba mchumi wa Kamati ya Dawa haruhusiwi kuzungumza na mke wa mgonjwa ambaye dawa yake iko mezani, kwa sababu mke huyo ni "mtu mwenye maslahi", na kwamba nikiwa na neno niliandike. Sikumwambia mimi ni nani kwako. Miaka arobaini na mbili nimekuwa dada yako, leo nimekuwa mtu mwenye maslahi. Haya, neno langu hili hapa.

Shemeji yako anameza vile vidonge vya njano tangu Juni. Havimponyi. Daktari alitueleza siku ya kwanza kwamba mapafu yaliyokwisha kukakamaa kwa vumbi la mawe hayarudi, na kwamba vidonge vinachelewesha tu uharibifu wa yale yaliyobaki. Hatukuomba zaidi ya hapo. Jana muuguzi akatuita pembeni kwenye korido ya kliniki: vidonge vilinunuliwa kwa majaribio ya mwaka mmoja, na mwezi wa nne Kamati yenu itaamua kama serikali iendelee kuvilipia. Nikamuuliza mnaamuaje. Akasema, "Wanaangalia kama vinalipa." Vinamlipa nani? Akainua mabega, akaingia chumba cha sindano.

Nikatafuta mwenyewe. Nimeusoma mwongozo wenu wote, kurasa tisini na sita, penseli nyekundu mkononi, kama ninavyosahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Kumbe mna bei! Mwaka mmoja wa afya kamili ya binadamu mmeupa bei, na dawa inayouuza mwaka huo ghali kuliko hapo mnaitupa nje. Nimeigeuza bei yenu kwa mshahara wangu ili niielewe. Inatoka mishahara ishirini na sita ya mwezi. Nina swali. Nani alikaa kwenye kiti gani, akinywa chai gani, akaandika ishirini na sita? Kwa nini si ishirini na saba? Nataka kumjua huyo mtu. Nataka nione kama mikono yake huwa inatetemeka.

Shemeji yako hajui kuwa nakuandikia. Yuko dirishani kwenye kile kiti cha mgongo mrefu, maana akilala chali anahisi anazama. Anakata kadibodi vipande vipande, anapanga nakshi za sakafu ambazo hatazijenga. Sakafu ya sebule yako ni kazi yake, au umesahau? Wiki tatu alikata marumaru ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kwa sababu hukutaka vumbi liwafikie majirani. Sisemi umemuua. Nasema unajua vumbi lile lilikwenda wapi.

Jibu kwa maandishi, kama kanuni inavyotaka.

Dada yako


Tarehe 12 Februari

Dada,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitajibu yale ninayoruhusiwa.

Ishirini na sita niliiandika mimi na wenzangu watano, katika chumba kisicho na dirisha. Chai ilikuwa imepoa. Mikono haikutetemeka, na sioni aibu kusema hivyo. Haikuwa ishirini na saba kwa sababu hiyo moja ya ziada lazima itoke kwa mtu. Fungu ni moja. Kila kidonge cha njano ninachokiidhinisha kinamnyima mtu mwingine kitu: mama anayevuja damu leba anakosa sindano, mtoto anayeharisha anakosa dripu. Mgonjwa wa vidonge ana mke mwalimu mwenye penseli nyekundu. Yule mama hana mtu. Hataniandikia barua, hatajua hata kwamba kuna kitu alikikosa. Kazi yangu ni kuwa ndugu wa asiye na ndugu ofisini.

Unadhani kukataa kutaja bei ni huruma. Kabla ya bei kulikuwa na simu. Mkubwa fulani alimpigia mkubwa mwenzake, na kesho yake dawa ya mke wake ikaingia kwenye orodha. Wewe mwenyewe umenipigia mara kumi na mbili. Ungekuwa hunijui, ungempigia nani?

Kuhusu sakafu sitajibu.

Neno la mwisho, ulisome polepole. Faili la vidonge limekaa vizuri lilivyo. Usiiandikie Kamati. Usimwandikie mwenyekiti wala magazeti. Usikusanye watu. Kaa kimya mpaka mwezi wa nne.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Bwana Mizani,

"Kaa kimya." Hukuthubutu kuniambia hivyo hata ulipokuwa na meno ya utotoni nami nikikusugua magoti kwa dodoki. Umepata kiti kinachozunguka, sasa na ulimi umepata magurudumu.

Muhtasari wa faili lako uko wazi kwa umma, na mimi ni umma. Ukurasa wa kumi na nne mmeandika kwamba mtu mwenye ugonjwa huu ana asilimia themanini na saba ya afya kamili. Themanini na saba! Mwanafunzi akipata hiyo namwandikia hongera. Shemeji yako anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Akifunga vifungo vya shati anakaa chini baada ya kile cha tatu. Hiyo ndiyo themanini na saba yenu?

Nikajiuliza namba hii imeokotwa wapi. Halafu nikakumbuka, na uso ukaniwaka moto. Ilitoka kwangu.

Ilikuwa Agosti, kwenye benchi la kliniki ya mapafu. Karani wenu, binti mpole mwenye haraka, alikuja na fomu. Wagonjwa walikuwa ndani wakipuliza mashine ya kupima pumzi, sisi ndugu zao tuko nje. Asiwasubiri, akatuuliza sisi. Swali lenyewe unalijua, mlilitunga nyinyi: "Mgonjwa wako ana miaka kumi mbele yake katika hali aliyonayo. Kati ya hiyo kumi, angekubali kutoa mingapi ili iliyobaki aishi akiwa na afya kamili?"

Sasa, kwenye benchi kulikuwa na uvumi tayari. Mgonjwa atakayeonekana hoi ataondolewa kwenye vidonge, apewe mwenye nguvu zaidi. Aliyeuleta ni mama mmoja muuza mitumba, tunamwita Mama Redio kwa sababu hazimwi. Akaulizwa wa kwanza, akajibu kwa niaba ya mumewe: "Hatoi hata mmoja. Yule? Jana kacheza muziki." Wa pili naye hata mmoja. Wengi waliofuata walitoa mmoja au miwili, kwa aibu. Ikanifikia mimi, mwalimu mzima, nikasema: "Hatoi hata mmoja, anaendelea vizuri sana." Na karani akaandika; kwenu asiyetoa mwaka hata mmoja ana afya mia kwa mia.

Kwa hiyo namba yenu imesimama juu ya uongo wa benchi zima, na wewe uliyewahi kumwona shemeji yako akipanda ngazi ukaipitisha bila kukohoa. Ndiyo maana unataka ninyamaze?

Sinyamazi. Nimezungukia nyumba zote, wagonjwa thelathini na mmoja. Kila mmoja ajibu swali lile mwenyewe, kwa mkono wake, afunge bahasha, ndugu asione. Wataandika ukweli, nami nitaupeleka kwa mwenyekiti Jumatatu. Wakishaona watu hawa walivyo taabani, tutaona ni nani mwenye moyo wa kuinua mkono awanyime.

Dada yako


Tarehe 5 Machi

Dada,

Usipeleke.

Kanuni inanikataza kukueleza hesabu kabla ya kikao, kwa hiyo nakuambia tu usipeleke. Kwa mara moja katika maisha yako kubali kwamba kuna kitu hukijui. Wewe siku zote unashinda mabishano, halafu wengine tunabaki kufagia vipande. Umefundisha hesabu miaka ishirini na tatu na bado hujui kuzidisha.

Zichome hizo bahasha. Ya shemeji ukitaka ichome ya kwanza.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Nimepeleka. Bahasha thelathini na moja, zimegongwa muhuri wa kupokelewa saa tatu na robo asubuhi. Matusi yako nimeyaweka kwenye faili langu.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Habari za huko? Naandika polepole, nawe usome polepole, tutafika pamoja. Dada yako yuko shuleni. Akirudi akanikuta na kalamu atataka kusahihisha.

Nasikia mnapigana kwa barua. Mimi simo. Siku ile mnanipa dada yenu mlinisifia mapishi na tabia, hakuna aliyenitajia mdomo. Nimekaa na mdomo huo miaka ishirini na nne, na ukweli ni kwamba nyumba ikiwa kimya mimi ndiye wa kwanza kuuliza kuna nini.

Ananiambia alikuandikia mambo ya sakafu na vumbi. Yapuuze. Uliniomba nifunge dirisha moja la upande wa jirani. Yale mengine nilifunga mwenyewe, upepo ulikuwa unanisumbulia unga wa chokaa. Barakoa ilikuwa mfukoni. Ilikuwa inaniwasha pua. Hayo sikumweleza yeye. Akikosa mtu wa kumkasirikia atanikasirikia mimi, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja.

Ninachokuandikia ni hiki. Ile bahasha. Tuliambiwa kila mtu aandike la moyoni, asimwonyeshe mwenzake. Niliandika kwamba kati ya kumi ningetoa tisa. Ndiyo, tisa. Ningebaki na mwaka mmoja tu, lakini mwaka wa kuamka na kutembea hadi kazini, kubeba mfuko wangu wa gundi mwenyewe, kupiga magoti, kunyoosha uzi, na jioni kurudi nikiwa nimechoka kwa kazi. Siku hizi nachoka kwa kuvaa. Huwezi kujua inavyotia hasira, kuchoka bila kitu ulichokifanya.

Dada yako anadhani niliandika mbili au tatu. Usimwambie. Atasikia kwamba nataka kumkimbia miaka tisa kabla ya wakati. Nimejaribu kutunga sentensi ya kumweleza kwamba sivyo ilivyo, kila nikiitunga inakatika katikati, kama pumzi.

Wewe ni msomi, hebu niambie: jibu langu limesaidia? Mama Redio anasema sasa hawana pa kukimbilia, lazima wapitishe.

Tena, kigae cha karibu na mlango wako kilikuwa kinacheza. Usiite fundi mwingine, atakuharibia. Kinyanyue taratibu, weka gundi, kaa juu yake nusu saa. Kwa mwili wako robo saa inatosha.

Shemeji yako


Tarehe 16 Aprili

Dada,

Kamati imekataa. Kura kumi kwa moja. Barua rasmi itakufikia wiki ijayo. Vidonge vitatolewa mpaka akiba iishe, mwisho wa Juni.

Sasa kikao kimepita, naruhusiwa kuzungumza. Chukua penseli yako.

Vidonge vinampa mgonjwa miaka miwili zaidi, kwa wastani. Lakini ni miaka miwili ya hali ileile ya ugonjwa, kwa sababu vinachelewesha, haviponyi. Hatuandiki miwili. Tunaizidisha kwa kiasi cha afya kilichomo ndani yake. Kwa ile themanini na saba ya benchi, miaka miwili ilihesabiwa kama mwaka mmoja na robo tatu wa afya kamili. Dawa nzima ya mgonjwa mmoja ni mishahara yako arobaini. Gawanya: mwaka unagharimu ishirini na tatu. Chini ya ishirini na sita. Vilikuwa vinapita, dada. Kwa unyoya, lakini vilikuwa vinapita.

Ukaleta bahasha. Wastani ukashuka hadi thelathini na mbili. Miaka ileile miwili sasa ni miezi minane kasoro ya afya kamili. Mwaka unagharimu sitini na mbili na nusu. Uliipelekea Kamati ushahidi kwamba maisha ya wagonjwa ni mabaya, ukidhani watawahurumia. Nao wakauamini. Walisema kwa heshima kubwa kwamba hawawezi kulipa fedha nyingi hivyo kurefusha maisha mabaya kiasi hicho. Mjumbe mmoja alilia. Akapiga kura ya kukataa huku analia.

Na hili nalo ulijue. Nilifahamu tangu Oktoba kwamba ndugu ndio waliojibu. Fomu zina kisanduku cha aliyejibu: mke, mke, binti, mke. Fomu ya kumi na tisa nililiona jina lako. Kanuni inasema fomu kama hizo zitupwe na utafiti urudiwe. Sikuzitupa. Wala sikutangaza kwamba mgonjwa mmoja ni shemeji yangu. Miaka kumi na tano nimeshika mizani hii sijaigusa kwa kidole, nikaigusa mara moja kwa ajili ya nyumba yako, na wewe ukaja ukanisahihisha hadharani.

Mwenyekiti alinikabidhi bahasha nizipigie hesabu. Nilizifungua mimi. Ya shemeji ilikuwemo. Usiniulize aliandika nini.

Mdogo wako


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeirudia hesabu yako mara nne, nikitafuta kosa. Hakuna. Ni sahihi kutoka juu mpaka chini, na hapo ndipo ninapotamani ungekuwa karibu nikuzabe kofi.

Mtu mwenye afya akiongezewa mwaka, mnaandika mwaka. Shemeji yako akiongezewa mwaka, mnaandika siku thelathini na sita na nusu. Ndiyo, najua aliandika nini, nitakuja hapo. Nionyeshe ni zipi hizo thelathini na sita. Jana ilikuwemo? Jana alimfundisha mtoto wa jirani kupima pembe kwa kipande cha kadibodi, akamchekesha mpaka mtoto akapaliwa. Hiyo mmeihesabu, au imeangukia kwenye zile mia tatu na zaidi mlizozifagia? Mmetengeneza mashine ambayo mtu akizidi kuumia, anazidi kuwa si hasara kumpoteza. Halafu mnaiita haki, kwa sababu inamfanyia hivyo kila mtu.

Na yule mama yako wa leba, ndugu wa asiye na ndugu! Akinusurika akabaki amepooza miguu, kesho akahitaji dawa ya figo, mwaka wake utauandika mzima au utaukata? Utaukata. Kwa mkono uleule uliomwokoa. Usinifiche tena nyuma ya gauni lake.

Mama Redio alijua. Mwanamke asiyeweza kusoma ukurasa mmoja wa mwongozo wenu alijua kwamba mbele ya watu kama nyinyi mgonjwa lazima ajifanye mzima. Mimi niliyesoma kurasa tisini na sita nikamwona mshamba. Hilo ni langu, nitalibeba, sikupi hata nusu yake. Thelathini na mmoja waliniamini. Nimerudi kwenye kila nyumba kuwaeleza. Wengine walinikaribisha kiti. Wengine hawakunifungulia.

Lakini usithubutu kunidai shukrani. Ulikuwa na kanuni mbili mbele yako. Moja inasema fomu mbovu zitupwe, ukaivunja kimyakimya. Nyingine inasema usimweleze dada yako hesabu, hiyo ukaishika kama neno la Mungu. Ungeniandikia mstari mmoja, "wakionekana hoi watakosa", ningeelewa kabla sijamaliza kuusoma. Badala yake ukaniandikia kwamba sijui kuzidisha. Ulitaka nitii bila kujua. Uongo wako uliufanya kwa mapenzi, sawa, lakini kiburi chako ulikipenda zaidi.

Sasa sikiliza. Barua rasmi inatupa siku thelathini za rufaa, na ina fomu ndogo nyuma yake. Wagonjwa wakitamka kwamba majibu ya bahasha waliyaandika kwa kushinikizwa, yatafutwa na ile themanini na saba itarudi. Yaani wakane. Waseme mimi niliwashinikiza, na wao ni wazima. Mama Redio keshamsainisha mumewe. Wengine ishirini na wawili wamesaini. Sikuwalaumu, kalamu niliwapa mimi.

Nikampelekea na mume wangu fomu yake. Akaisoma, akacheka mpaka nikamshika mgongo. "Kwa hiyo nikiwa mgonjwa sistahili dawa. Nikiwa mzima ndiyo nanunuliwa." Akairudisha. Hasaini. Nikamwambia ni saini tu, akaniambia hajawahi kusaini kazi ambayo hakuifanya. Nikamuuliza basi uliandika ngapi kwenye hiyo bahasha unayoilinda hivi. Akaweka kadibodi chini. Halafu akaniambia.

Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu nikamuuliza kama katika ule mwaka mmoja wake nimo. Akasema, "Sasa nani angenibebea uzi?"

Anataka kwenda kwenye rufaa mwenyewe, tarehe kumi na nane Mei. Mtu mwingine amsemee, hataki. Nimemwambia ofisi yenu iko ghorofa ya tatu. Anasema hata ya kumi.

Dada yako


Tarehe 6 Mei

Dada,

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza habari za fomu na za shemeji. Nimesimamishwa kazi. Sitakuwepo kwenye rufaa, hata jengoni siruhusiwi. Sikufanya hivyo kwa ajili yako, kwa hiyo nawe usinishukuru. Tumelingana.

Ile fomu ya kukana haina maana tena, kwa sababu nimeshasema themanini na saba ni batili. Najua nimewaondolea wale ishirini na watatu njia waliyokuwa nayo. Nilifikiri sana kabla ya kulifanya. Niite utakavyo.

Yafuatayo ni ya manufaa. Lifti imekufa tangu Januari. Rufaa yenu ni saa nne, njooni saa mbili. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili kuna kiti cha mlinzi, mwombeni. Mwenyekiti ni mtu wa haki ila anachoka haraka na maneno mengi. Aseme shemeji. Wewe nyamaza. Safari hii nakueleza sababu: ukisema wewe watakusikiliza wewe, na tayari wanajua kukujibu.

Mdogo wako


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Ulifungiwa nje, kwa hiyo nakuandikia ya ndani.

Ngazi sitini na mbili, dakika hamsini. Mlinzi alitupatia kiti, tena akakipandisha mwenyewe nyuma yetu kituo kwa kituo, huku anatukana serikali. Mume wangu alivaa shati jeupe, vifungo nilimfunga mimi. Wale waliosaini fomu walijaa kwenye korido. Mama Redio hakunisalimia. Aliniita jina ambalo sitaliandika, na sikumjibu, kwa sababu ulilolifanya wewe nalo amelibandika kwangu, na lazima libandikwe mahali.

Nilinyamaza. Liandike mahali, maana halitatokea tena.

Mwenyekiti alimuuliza, "Mzee, ni kweli uliandika kwamba kati ya miaka kumi ungetoa tisa?"

"Kweli."

"Na bado ndilo jibu lako?"

"Ndilo. Tisa nitoe, nipewe mmoja wa kupiga magoti na kufanya kazi." Akapumzika. Walimsubiri, nakiri hilo. "Huo mmoja mnao?"

Mwenyekiti akatazama karatasi zake. Mume wangu akamuuliza tena, taratibu kabisa, kama fundi anayemuuliza mwenye nyumba kama vigae vimefika. "Mnao, mama?"

"Hatuna."

"Basi niacheni na tisa yangu. Nilisema ningeitoa kwa kubadilishana. Sikusema mje muichukue bure."

Akakaa. Hakusema lingine, hakuwa nalo wala hakuwa na pumzi yake. Tulitolewa nje, wakakaa saa moja na nusu.

Kura sita kwa tano. Wote thelathini na mmoja wataendelea na vidonge muda wote watakapovihitaji. Mgonjwa mpya hatapewa, mpaka mwongozo upitiwe upya, na hawakutaja lini. Korido ililipuka kwa vigelegele. Mama Redio alimkumbatia mume wangu, mimi akanipita.

Tuliteremka. Chini mlangoni alisimama mama mmoja wa kiwanda cha saruji, umri wake haufiki wako, amepimwa wiki iliyopita. Alikuwa amesikia vigelegele. Akamuuliza mume wangu, "Na mimi?"

Mume wangu alikuwa ameshika ukuta akitafuta pumzi. Nikamjibu mimi. Nilimwambia yuko mtu aliyeuandika mwongozo ule, anajua kila msumari ulikopigwa, na kwa sasa hana kazi.

Njoo kwangu Jumamosi saa nne. Yule mama atakuwepo, na wengine wanne kama yeye. Sijakusamehe. Chai utajichemshia mwenyewe.

Dada yako